Duru za Kuaminika na Maiti Mwenye Miwani

Jambo la kwanza la kijinga nililofanya kwenye matanga ya mjomba wangu ni kupiga selfi na maiti. Na kabla ya kupiga, nilimvalisha miwani ya jua ili atoke vizuri.

Usinitupie mawe bado. Maiti mwenyewe alikuwa tunda.

Nimelikumbuka juzi darasani. Shule yetu iko nje kidogo ya Rongo, na mwalimu wetu wa sayansi ni mtu wa Pwani ambaye kila mti wa huku kwetu kwake ni maajabu. Alikuja na tunda la yago, akalibwaga mezani, meza ikalia. Lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima, nene kama paja, rangi ya tembo aliyejipaka vumbi. Akachukua panga, akalipasua. Ikatoka ile harufu, ya tango lililosahauliwa juani, na ndani yake kitu kama dawa ya mitishamba. Akauliza, "Nani anajua hili ni nini?" Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo ni mjomba wangu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikatolewa nje nikajifunze adabu. Adabu sikuipata huko nje, ila nilipata nafasi ya kukumbuka vizuri, nikaona niwaandikie nyinyi wa rika langu, kwa sababu watu wazima wa kwetu huisimulia hadithi hii vibaya. Wao husema siku ile nilileta aibu. Mimi nasema nilileta mtu.

Mjomba wangu anaitwa Odhiambo. Mimi namwita Nera, ndivyo Mjaluo anavyomwita kaka ya mama yake. Ni kitinda mimba kwao, na Mama, aliye mkubwa, alimbeba mgongoni mpaka wote wawili wakachoka. Nera ni mwandishi wa habari wa redio. Yule mtu unayemsikia saa ya habari akisema yuko mahali ambapo wewe hungeenda hata ukilipiwa nauli, huyo ndiye.

Wakati huo sauti yangu ilikuwa bado nyembamba kama filimbi. Tulikuwa tunaishi Migori mjini, na Mama alikuwa na kibanda cha chai na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, si mambo makubwa. Redio ilikaa rafuni karibu na mkebe wa majani. Habari za Nera zikifika, Mama alikuwa anapunguza moto ili sufuria isipige kelele, halafu anawageukia wateja: "Hakuna kukoroga. Utakoroga baadaye." Wanaume wakubwa, makondakta wenye midomo, walikuwa wanakaa na vijiko hewani kama watoto wa chekechea.

Nera alikuwa ametumwa Sudan, kwenye vita. Alisema ni safari fupi. Vita vikaishinda ahadi, akakaa.

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kutaja jina lake mwishoni, alikuwa anakohoa kidogo, kikohozi kimoja tu, kama mtu anayebisha hodi. Wengine hawakukisikia. Mama alikuwa anakisubiri hicho tu. Akikohoa vizuri, Mama anaongeza moto. Akikohoa vibaya, Mama anasema, "Kikavu. Huyu hajanywa maji tangu jana," na siku hiyo nyoyo inatoka bila chumvi.

Sasa mimi vita nilivielewa kwa masikio yangu, na masikio yangu yalikuwa na shule yao. Nera akisema yuko karibu na mstari wa mbele, nilikuwa naona gwaride la shuleni, wafupi mbele, warefu nyuma, nikamhurumia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele kila asubuhi na najua jua linavyochoma huko. Akisema pande zote zimeombwa zisitishe mapigano, nilikuwa nasikia kengele ya mapumziko. Halafu kulikuwa na kabila moja la huko, likiitwa Raia. Hao walinitesa sana. Kila habari, majeshi mawili yanapigana, lakini wanaokufa ni Raia. Bomu likianguka sokoni, ni Raia. Wanaokimbia na magodoro kichwani, ni Raia. Nikamuuliza Mama, "Kwani hawa Raia walimkosea nani?"

Mama alikuwa anaosha vikombe. Akaacha.

"Hawakumkosea mtu," akasema. "Walikuwa kwao tu."

Lakini aliyenipendeza kuliko wote ni Duru. Huwezi kukosa kumpenda Duru. Alikuwa anajua kila kitu. "Kwa mujibu wa Duru za Kuaminika, daraja limefungwa." "Duru za Kuaminika zinasema msafara wa chakula umezuiwa." Kwenye kichwa changu, Duru alikuwa mwanamke mnene mwenye leso mbili, anakaa mlangoni kwake huko Sudan, anaona nani amepita na nani amerudi, kama yule mama wa mtaani kwetu anayejua mpaka mimba ambazo wenyewe hawajazigundua. Jina lake la pili, Zakuaminika, niliona ni la kwao.

Siku moja Nera akapiga simu, mtandao ukiwa umekubali. Mama alipomaliza kumuuliza kama amekula, akanipa.

"Nera, Duru ni bibi yako?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Angekuwa mtu mzima wa kawaida angenisahihisha, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini Nera ndiye aliyenifundisha mimi utundu. Akasema, "Bado, Oti. Namtongoza. Duru ni mgumu kumpata, na akipatikana anasema usitaje jina lake."

"Mwambie nimemsalimia."

"Nitamwambia. Ukinikosa mimi, mtafute Duru. Yeye huwa anajua nilipo."

Hayo maneno niliyaweka.

Kwenye simu hizo alikuwa anatuambia mambo ambayo redioni hayakutoka. Kwamba nyumba nzima wanalala kwenye ukumbi mwembamba katikati, mbali na madirisha, wapangaji na mwenye nyumba pamoja, na mwenye nyumba anakoroma kuliko mizinga. Kwamba bunduki zikitulia asubuhi, mama wa jirani anawasha tanuri la mkate, na watoto wanatumwa wakipita huku wamegusa ukuta. Kwamba kuna mama muuza chai ambaye kila wakipigana upande huu wa barabara anahamisha kigoda chake upande ule, na chai yake ina tangawizi kuliko ya Mama. Hapo Mama alimkatia simu.

Halafu Nera akanyamaza.

Kwanza redio ikasema mawasiliano ni magumu. Halafu mtu mwingine akaanza kusoma habari za huko, mtu asiyekohoa. Halafu mkubwa wake wa kazi akampigia Mama, akazunguka sana, akasema nyumba waliyokuwa wanakaa imepigwa, watu wengine wametoka, wengine hawakutoka, na mwili wa Odhiambo haujaonekana. Alisema "haujaonekana" kwa upole, kama daktari. Mama akamjibu, "Basi utafuteni ukiwa na yeye ndani yake," akakata. Jioni hiyo aliendelea kuuza chai. Redio ilikuwa wazi kuanzia alfajiri hadi kufunga, na kukoroga kulikatazwa kabisa. Wateja wakapungua.

Siku zikaenda, mwezi ukaisha na mwingine ukaingia, mpaka nyumbani kwao, kisiwani Rusinga, wakachoka kungoja. Tukaitwa.

Wenzangu ambao si Wajaluo, sikilizeni hapa. Kwetu, mtu akipotea ziwani au vitani na mwili usipatikane, hatumuachi azurure. Linachukuliwa tunda la yago, linalazwa, linaliliwa, linazikwa kwa jina lake. Ukishazikwa hivyo, umezikwa. Kaburi lako liko, jina lako limefungwa. Si ukatili. Dani, nyanya yangu, alikuwa amekonda akawa kama ufagio, na nilimsikia akimwambia Mama, "Nataka mahali pa kukaa nimlilie. Hata kama ni juu ya tunda."

Mama hakukubali, na alionyesha kutokubali kwake langoni. Binti wa boma akija matangani anaingia akipiga mayowe, mikono kichwani, ziwa lote lisikie. Mama aliingia kimya, ameshika mkono wangu, na kwenye mfuko, mahali pa leso ya kulilia, alikuwa amebeba redio.

Kwaro Abuto alitupokea. Kwaro ni babu; huyu ni mdogo wa marehemu babu yangu, ndiye mkubwa wa boma sasa, na Mama humwita Baba. Ana sauti ambayo akikuita Rusinga, mtu wa kisiwa jirani cha Mfangano anaitika.

"Nyarwa, binti yetu, mbona unaingia matangani kama mtu anakuja kununua samaki?"

"Baba, nimlilie nani?"

"Ndugu yako!"

"Ndugu yangu hajaniambia amekufa."

Mimi nilicheka. Nilikuwa peke yangu. Wanawake wakaguna, na Kwaro Abuto akashusha sauti, na akishusha sauti ndiyo unajua ni mbaya.

"Nyarwa, wewe uliolewa. Wewe ni mtu wa Migori sasa. Mambo ya hapa tuachie sisi wenye boma."

Kwa desturi mzee alikuwa amesema kweli. Binti aliyeolewa hapangi mazishi ya kwao. Mama akakaa kwenye mkeka, akaweka redio mapajani, akaifungulia chini kabisa. Simu yake akanipa mimi. Ilikuwa inalia bila kupumzika, watu wakitoa pole, na yeye alikuwa amechoka kupokea pole za mtu aliye hai kabisa. "Ikilia," akaniambia, "sema niko jikoni."

Usimpe mtoto kama mimi simu. Lakini sikulaumu, Mama.

Binamu yangu Akinyi, aliyekuwa anajua kila kitu cha boma hilo, akaniambia Nera ameletwa, amelazwa kwenye simba yake. Wasiojua, simba si mnyama, ni kile kinyumba cha kijana ambaye hajaoa. Hakuna aliyenieleza habari za yago wakati huo. Haya ninayowaeleza kama mzee nilijifunza baadaye. Mimi nilisikia ameletwa, nikajua ameletwa. Nikaingia mbio, nikaona kitandani kitu kimefunikwa shuka jeupe. Kifupi. Nikajiambia vita vinakondesha, lakini hii imezidi. Nikavuta shuka.

"Akinyi! Hili si tunda?"

"Ndiye huyo."

"Ndiye huyo nani?"

"Nera. Wasipopata mtu wanazika yago. Kesho mchana anazikwa."

"Na akirudi?"

Akinyi akaangalia mlango kwanza. "Akirudi haingii. Nani ataingia na kaburi lake liko? Watu watakimbia, watasema ni jachien, pepo. Hata Dani hatampikia."

Sijui kama kila kitu alichosema kilikuwa kweli. Akinyi alikuwa na miaka kumi na moja na aliongea kama wakili. Lakini nilimwamini. Nikaliona hilo tunda limelala pale kwenye mto wa Nera, jinga, zito, halina hata mdomo, na kesho lingemfungia Nera lango la kwao. Nikasikia hasira, na mimi nikisikia hasira nafanya mzaha. Ndivyo nilivyoumbwa.

Kwenye msumari kulikuwa na fulana yake ya zamani ya kazi, ile ya bluu iliyoandikwa MWANAHABARI kifuani. Nikalivalisha. Kofia, nikalivalisha. Kwenye dirisha kulikuwa na miwani ya jua aliyoisahau Krismasi, ile ambayo alikuwa anatukataza hata kuipumulia. Nikalivalisha, na nakuapia, ghafla likafanana naye kidogo. Akinyi alicheka mpaka akaketi chini. Nikalala ubavuni mwake, nikanyoosha mkono, nikapiga.

Kisha nikakumbuka maneno ya Nera. Ukinikosa mimi, mtafute Duru.

Nikaiweka picha kwenye stetasi ya Mama, pale wateja wake wote huona, na nikaandika hivi, maana nimeikariri, nimesomewa mara nyingi na watu wenye hasira: "HUYU SI NERA. HILI NI TUNDA. Nera Odhiambo wa redio amepotea vitani Sudan na kesho wanamzika na yeye hajafa. Mtu yeyote anayemjua Duru Zakuaminika amwambie apige namba hii haraka kabla ya mchana." Nikaongeza namba ya Mama, na kikaragosi cha kulia. Kwa bahati mbaya kidole kikagusa kile cha kucheka.

Huwezi kujua kitu kinavyosafiri. Baadaye tulizifuata nyayo zake. Kondakta mmoja mteja wa Mama alikiona, akacheka, akakitupa kwenye kundi la makondakta. Kutoka hapo kikaenda Kehancha kwa Wakuria, ambao walikifurahia sana, unajua tena Mkuria akipata Mjaluo anazika tunda lenye miwani. Kutoka Kehancha mtu akamtumia dada yake aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba huko huko Sudan, amekwama na Wakenya wengine kwenye shule iliyogeuzwa makazi karibu na mpaka, amtoe huzuni kidogo. Watu wote hao walikuwa wanacheka tu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasaidia.

Asubuhi nikasahau kumvua.

Mchana wanaume wakaenda simba kumchukua marehemu. Kwaro Abuto mbele, mhubiri nyuma, waimbaji wameshaanza. Nikamwona Kwaro akiinama mlangoni, nikakumbuka, nikatafuta mahali pa kukimbilia, na kisiwa ni kidogo.

Mara ile sauti.

"NANI AMEFANYA HII KITU?"

Wimbo ukafia katikati. Akinyi, wakili wangu, akanyoosha kidole kabla mtu hajamuuliza. Nikashikwa sikio nikaletwa uwanjani, mbele ya mkeka wa wanawake, kando ya lile shimo jekundu lililokuwa limechimbwa likaisha. Tunda nalo likatolewa nje na miwani yake, kama ushahidi. Kuna watu waliokuwa wanang'ata leso wasicheke. Dani hakuwa mmoja wao. Alikuwa ameliangalia lile tunda kwa uso ambao sitaki kuuona tena, na ndipo kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba labda sichekeshi.

"Mtoto wa Migori!" Kwaro alikuwa anatafuta fimbo kwa macho. "Unacheza na mtu aliyekufa? Babako hakukufundisha? Mamako hakuku..."

Simu ikalia kaptulani mwangu.

Mimi ni mtoto mtiifu. Nikapokea, sikio moja likiwa bado mkononi mwa Kwaro, nikasema nilivyoagizwa: "Mama yuko jikoni."

"Simtaki Mama," ikasema sauti ya mwanamke, mbali sana, kama anaongea ndani ya mtungi. "Namtaka yule mtoto anayemtafuta Duru."

"Ni mimi."

"Basi ni mimi Duru."

Lafudhi ilikuwa ile inayopanda na kushuka, huwezi kuikosea hata usingizini. Nikashangaa mpaka nikasahau maumivu. "Duru! Kumbe wewe ni Mkuria?"

Akacheka kidogo. "Wa Kehancha kabisa. Naitwa Boke, lakini leo niite Duru. Sikiliza, hapa mtandao ndiyo umerudi jana, na bado unakatika. Kuna mwanamume hapa kwetu aliletwa akiwa na jeraha la mguu na homa. Simu yake askari waliichukua kwa kizuizi, na namba hajui hata moja kichwani. Tumekaa naye hivyo. Jana nikamwonyesha ile picha yenu tucheke. Hakucheka. Mpatie mamako simu."

Nikasema kwa sauti, uwanja wote usikie, "Mama, ni Duru."

"Matapeli hao!" akanguruma Kwaro. "Wanasikia kuna matanga, wanataka kutumiwa hela. Zima hiyo kitu!"

Mama alikuwa ameshasimama. Alichukua simu kama mtu anayechukua yai. Akafungulia sauti. Upepo, watoto wakilia kwa mbali, halafu mwanamume akisema neno lisiloeleweka, sauti imepasuka, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mama mwenyewe akakunja uso. Matapeli wapo. Huzuni inawalisha.

"Kohoa," akasema Mama.

"Nini?" ikasema sauti.

"Nimesema kohoa."

Boma zima likasimama hivyo hivyo, mhubiri na kitabu chake hewani, kama wale wateja na vijiko. Na kwenye simu, kutoka huko mbali, kikatoka kikohozi kimoja kidogo, cha mtu anayebisha hodi.

Mama akakaa chini palepale kwenye udongo wa shimo. Na yeye aliyeingia kimya langoni, akapiga yowe ambalo liliwatoa kuku kwenye boma la jirani. Wanawake wakadhani ndiyo habari mbaya imethibitishwa, nao wakaitikia, mikono kichwani, na Dani akaanguka kwenye mkeka. Nikawa mimi peke yangu naruka nikisema, "Ni mzima! Jamani, ni mzima! Amekohoa!" na hakuna anayenisikiliza, mpaka simu yenyewe ikapiga kelele kuliko wote:

"Nani huyo mmemvalisha miwani yangu?"

Hapo ndipo Dani alipoinuka. Akanyang'anya simu, akaishika kichwa chini miguu juu, akauliza swali moja, lile lile la Mama: "Umekula?"

Nera alirudi baadaye, akichechemea. Langoni Kwaro Abuto alitaka kuku achinjwe kwanza, mhubiri akataka maombi kwanza, na Nera akasema fanyeni yote lakini haraka, ana njaa. Aliingia. Akinyi hakumkimbia, aliomba zawadi.

Lakini nisiwadanganye kwamba alirudi kamili. Siku moja kwenye kibanda Migori, upepo uliangusha bati la dirisha, na kabla sijasikia mlio nilikuwa chini ya meza, Nera juu yangu, chai ya watu ikitutiririkia. Moyo wake ulikuwa unapiga mgongoni mwangu kama mtu anayegonga mlango aliofungiwa. Wateja wakaanza kucheka, wakaacha wenyewe. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Nilikuwa natafuta kijiko." Nikachukua kijiko kwenye meza nikamwekea mkononi, nikasema, "Hiki hapa, Nera, kilikuwa chini kabisa." Sikuwa na kingine cha kumpa.

Na kuna habari moja ambayo hajawahi kuitangaza. Siku nyumba ilipopigwa, aliyemvuta nje ni yule mama muuza chai. Alimfunga mguu kwa kitambaa cha kichwani mwake, akamtia kwenye gari la punda la watu waliokuwa wanakimbia, akarudi kuchukua birika lake. Nera hakumwona tena. Kila siku alikuwa anakunywa chai yake na hakuwahi kumuuliza jina. "Mimi mwandishi wa habari, Oti," aliniambia. "Mimi." Sasa akiwa hewani na akifika kwenye neno raia, husimama kidogo sana kabla ya kulitamka. Wengine hawasikii. Sisi tunasikia.

Lakini turudi Rusinga, siku ile, uwanjani. Simu imekatika, watu wanacheka na kulia bila mpango, waimbaji wamebadilisha wimbo, sufuria za matanga zimekuwa sufuria za sherehe bila hata kuondolewa jikoni. Kwaro Abuto alikuwa ameachia sikio langu zamani. Alikuwa amesimama peke yake kando ya shimo, kofia mkononi, anaangalia ndani. Shimo likishachimbwa kwetu haliachwi wazi, linaita mtu mwingine. Na mle ndani hakukuwa na wa kuingia.

Akamsogelea Mama. Ile sauti ya kufika Mfangano haikuwepo.

"Nyarwa," akasema, "hebu tushauri. Sasa hili shimo tulifanye nini?"

Mama alikuwa anapangusa udongo kwenye sketi. Akaweka redio kwenye mfuko, akamwangalia mzee kwa heshima zote, kisha akaniangalia mimi.

"Mambo ya hapa nawaachia nyinyi wenye boma, Baba, mimi ni mtu wa Migori. Na wewe, Otieno, mvue huyo mtu wenu miwani. Mwenyewe anaitaka."